Namba 538 ku Mahari ya Burungu

POLISI, MWESO
Maelezo ya shahidi mbele ya OPJ Michel (afisa wa upelelezi), tarehe 16/06/2019, saa tano ya asubui

Jina: Umugwaneza Agathe. Miaka: makumi ine na moja. Kazi: mulimaji, tena muuzaji wa fromage (jibini). Makao: Burungu.
Mambo: plainte (mashitaka) ya Papa Ngabo juu ya infirmier (muuguzi) Nestor, mwenye iko mu cachot, chumba cha kufungia bantu, tangu jana magaribi, kwa kosa la kunyakua muntu kwa nguvu.

Papa OPJ, nitasema polepole vile umeniomba, lakini moyo yangu haitulii, utanisamehe. Nestor hakunyakua muntu. Aliokoa muntu! Acha nianzie ku apareyi ya kupima sukari, juu bila apareyi hautaelewa kitu.

Bwana yangu Evode iko na ugonjwa ya sukari, mwaka ya sita sasa. Nestor alimupa cahier ya kuandika namba ya sukari kila asubui. Evode alikuwa anaandika 110, namba nzuri. Leo 110, kesho 110. Ata siku ya Noeli, alikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mpaka akaimba, na asubui yake akaandika 110! Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kinamufichua. Mimi sikutaka kilio.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa tatu nilishuka Goma kutafuta apareyi yenye haiwezi kudanganywa. Mu farmasi kulikuwa tatu. Muuzaji alinisukumia ile yenye kung'aa. Nikamuuliza: “Bandelette zake, tule tukaratasi twa kunyonya damu, zinapatikana Mweso?” Akasema ni Goma tu. Nikaiacha. Ya pili ilikuwa bei rahisi, bandelette ziko kila pahali, lakini haisemezani na telefone. Evode angenidanganya tena. Ya tatu haikuwa na urembo. Bandelette zake zinafika Mweso, inachunga namba ata kama réseau hakuna, na réseau ikirudi, telefone yangu inazituma mbele kwa Nestor. Nikapiga kigelegele palepale! Bantu ba farmasi bakanicheka, sikujali.

Siku ya kwanza Evode alitoka 287. Nestor akamupigia: “Papa Evode, ile 110 ilikuwa ya nani?” Tangu pale sukari inashuka, na mimi nalala usingizi.

Jana, jumamosi, siku ya posho, saa saba ya muchana, tulikuwa kwa Papa Ngabo, jirani yetu. Alikuwa anapokea mahari ya binti yake Igiraneza. Musemaji wa familia alikuwa Papa Twizeyimana, kaka mukubwa wa Ngabo. Desturi ya kwetu unaijua: musemaji akikaa ku kiti, hasimami mpaka atoe neno la mwisho la kuachilia binti, kisha mazungumuzo kuisha. Akisimama mbele ya kulitoa, ni kusema familia imekataa, na wageni, familia ya kijana, wanarudi na ng'ombe zao.

Kibuyu cha kasiksi kikafika kwa Evode, akakataa. Bantu bakaguna, juu kukataa kibuyu ku mahari ni matusi. Nikatoa apareyi, nikamupima mbele yao, 146. Nikasema: “Muone, iko anachunga sukari, hana kiburi.” Weee! Sasa kila mumoja akataka kidole chake kipimwe. Nilikuwa na boîte nzima ya sindano, kila muntu na yake mupya, nikapima sita. Papa OPJ, nilijisikia daktari! Lakini kosa langu njo hili: sikuwaelezea kama namba ya juu ni mubaya. Bakafanya mashindano. Mwenye 88 bakamuzomea, mwenye 130 bakamupigia makofi. Nikaitwa ku jikoni, nikaachia Evode apareyi aendelee kupima.

Saa nane na dakika makumi mbili telefone ikalia mu kitenge yangu. Ilikuwa Nestor.
“Mama Agathe, Papa Evode iko anapumua?”
“Iko anakula kuku.”
“Lakini hapa nimepata 538!”

Nikatupa mwiko, nikakimbia. “538 ni ya nani?” Bakajibu bote na furaha: “Ya musemaji! Ametushinda bote!” Na juu ya ushindi bakamuongezea kibuyu cha pili.

Yesu wangu! Nikamuangalia Papa Twizeyimana. Midomo imekauka, koti imekuwa kubwa kwake. Muke yake, Mama Solange, akasema sasa mwezi muzima bwana yake anamaliza bidon ya maji kila siku. Nestor akaniambia ku telefone: “Munawishe mikono na sabuni, pengine ni kasiksi ku vidole. Pima tena.” Nikamunawisha, nikapima. 541. Nestor akasema: “Nakuja.”

Alifika saa tisa na dakika tano, ku pikipiki ya motard Isidore. Papa Twizeyimana alikuwa ameanza kusinzia, maneno inamupotea, lakini alishika kiti na mikono mbili. “Sisimami. Mutoto wetu alale na aibu juu yangu?” Ngabo naye akasimama ku mulango: “Hakuna mwenye kugusa musemaji wangu!” Bakabishana. Mimi niko naona muntu anakwisha, nikalia waziwazi.

Njo Nestor akasema: “Basi asisimame.”

Nikaelewa mbio. Tukamunyanyua na kiti yake! Nestor mbele, Isidore mbele, Evode nyuma, na mimi nikashika muguu wa kiti wa kushoto. Tukapita mulango wa nyuma mpaka ku barabara, tukaweka kiti na mwenyewe mu camionnette yenye ilileta wageni. Ngabo aliona tu mukubwa yake anaondoka juu ya mabega ya bantu. Mu hasira yake akakuja hapa kushitaki. Simulaumu, alikuwa na woga ya binti yake.

Hospitalini bakamuwekea serum na insuline. Asubui hii nimemupima mwenyewe: 212. Amefungua macho. Bado hajasema kitu. Wageni bamelala Burungu na ng'ombe zao, banangoja.

Kama kubeba ni kosa, tulibeba bane, na mimi ni mumoja. Mufungue Nestor ao muniongeze pale ndani. Nimesomewa maneno haya yote, ni yangu, na nikiulizwa tena kesho nitayasema vilevile.

(Sahihi) Umugwaneza Agathe

Nota ya OPJ Michel: Saa sita kamili nilifika hospitali kuhakikisha. Nilikuta mulalamikaji Ngabo amepiga magoti ku kitanda. Mbele yetu mugonjwa alitoa neno, akiwa amelala: “Mutoto wetu aende.” Nikamuomba Ngabo atie sahihi ya kuondoa plainte. Aliondoa kwa mudomo tu, juu alikuwa ameshika miguu ya mukubwa yake na mikono mbili, na hakutaka kuiachia. Nestor ametoka saa sita na dakika makumi ine.