Kihaya cha Bibi

Fort Worth

Mama mdogo Pelagia, shikamoo.

Bado naisikia pete ya Bi Edith ikigonga chuma cha kitanda. Ni mgonjwa wangu, Mwingereza wa Yorkshire, na kila alipogonga alisema neno lilelile: "Nithered." Jackie, nesi mwenzangu Mkenya, alinicheka nilipouliza maana yake. "Wacha, dada, huyo network ilipotea kitambo."

Nililitafuta. Ni neno la zamani la kwao, la mtu aliyeshikwa na baridi hadi anatetemeka. Kitanda chake kilikuwa chini kabisa ya kiyoyozi! Tulikisogeza, nikamfunika, akaanza kunisimulia kondoo wa baba yake, akili zake timamu.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kumtazama Bibi usoni. Kwa kuwa ameacha Kiswahili, na Kihaya chake cha zamani hatukielewi vizuri, mimi na wewe tulisema amechanganyikiwa, ukamtafutia chumba nyumba ya wazee huko Houston. Jumapili nikamwalika mzee Kamugisha wa kanisani, aliyekulia kijiji cha jirani na chake. Waliongea mpaka chakula kikapoa, Bibi akicheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema chai yako ni maji ya kusuuzia vikombe. Na anauliza kwa nini bintiye Pelagia hapigi simu."

Nililia kwa furaha, mama mdogo. Usinikasirikie: leo asubuhi nimewaambia wale wa Houston wampe mtu mwingine kile chumba. Bibi anabaki kwangu.

Mwanao,
Kokushubila