Mtu wa Nne Kwenye Mkia

Muscat, Jumatano, 1967

Wingu tangu alfajiri, jua halikutoka kabisa.

Nimekosea. Wacha niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Mie ni mtunza stoo kwenye kiwanja cha ndege cha Ruwi, lakini sifa yangu pale si stoo. Sifa yangu ni kuzijua ndege za zamani. Wakati wa vita vikuu vya pili nilikuwa kijana wa skuli Unguja, na tulichaguliwa wachache tukae juu ya paa kutazama ndege zinazopita. Tulipewa kitabu cha vivuli, kila ndege imechorwa nyeusi tupu, namna inavyoonekana na mtu aliye chini yake. Wenzangu walikariri zile zenye majina makubwa. Mie kwa ubishi wangu nikazipenda za Kimarekani zisizojulikana na mtu: Vengeance yenye mabawa yaliyopinda, Kingfisher yenye boya moja kubwa tumboni, Maryland na nduguye Baltimore, ambazo jeshi la Marekani lenyewe halikuzitaka, wakapewa Waingereza.

Basi mwezi uliopita mabedui walileta khabari ya ndege iliyozama mchangani, mwendo wa nusu siku kwa gari. Bwana, mkubwa wetu wa Kiingereza, akanichukua. Nikapanda kilimani nikaitazama kutoka juu. Yalionekana mabawa na mgongo tu. Nikasema bila ya kusita, na kwa majivuno, Mungu anisamehe: "Maryland, Bwana. Watu watatu."

Tukachimba kwa juu, kupitia mgongo uliopasuka, tukatoa mifupa ya watu watatu. Hapo kazi ikasimamishwa, nani atachimba zaidi na hesabu imetimia? Wakazikwa kwa heshima zao. Kibati cha namba hakikuonekana, kwa hivyo Bwana akatafuta katika makaratasi Maryland iliyopotea pande hizi na watu watatu. Akaipata. Barua za nyumba tatu huko Uingereza zimeshapigwa taipu. Zinaondoka kesho.

Siku ile ya kuchimba palikuwa na bibi mmoja wa kibedui na mbuzi zake, amesimama akitutazama. Alipoona machela ya tatu inapakiwa garini, akauliza kwa Kiarabu:

"Na yule anayeitikia salamu, mbona mnamwacha?"

Tulicheka. Mie ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Leo nimepelekwa tena kule na dereva kuchukua kamba zilizosahauliwa. Juzi mvua ilinyesha milimani, wadi, lile bonde la mto mkavu, ikashuka, na maji yamekomba mchanga wote wa upande mmoja. Ndege iko wazi. Tumbo lake limekwenda chini kuliko kimo changu, na Maryland haina tumbo hilo. Ukizitazama kwa kivuli, Maryland na Baltimore ni pacha, maana tumbo la ndege halionekani kina chake ukiwa chini yake. Na mie maisha yangu yote nimezijua ndege kwa kivuli tu.

Ni Baltimore. Watu wanne.

Nyembamba mno ile, kitabu kilisema hata mtu wa nyuma, kwenye mkia, hawezi kupita kumfikia rubani. Hukaa peke yake mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Mbuzi za yule bibi zilikuwa zikishuka wadi. Zilipofika usawa wa mkia zikazunguka mbali, zote, bila ya kuswagwa. Nikasogea. Ndani kukagongwa. Mara mbili, taratibu, kisha kimya. Nikajiambia, we, bati likipoa baada ya jua hulia. Halafu nikakumbuka kuwa jua leo halikutoka.

Nikatoa salamu. Sijui kwa nini.

Nilichosikia sikiandiki, maana wallahi sina hakika nacho. Nnachojua ni kwamba nilikimbia mpaka garini, kiatu kimoja nikakiacha huko huko, na dereva, mzee wa Kibaluchi asiyeishiwa na utani, alitia gari moto kabla sijafunga mlango.

Sasa nnayo khofu nyengine. Kibali changu cha kukaa hapa, na cha mama, kimo mkononi mwa Bwana. Akijua kuwa kawapa maiti majina yasiyo yao kwa kunisikiliza mie, ataniweka kazini? Na tukitolewa hapa twende wapi, Unguja tuliyoikimbia? Nikinyamaza hakuna atakayejua. Nyumba tatu zitalia juu ya mifupa ya wageni, nyumba nne hazitapata khabari, na upepo utarejesha mchanga.

Baada ya magharibi nikamhadithia mama. Mama huyu, Januari ile ya mapinduzi Unguja, aliambiwa tu kuwa kaka yangu Hemed kazikwa pamoja na wengine. Wapi, wangapi, hakuna aliyehesabu. Miaka mitatu sasa, na hajakubali asomewe khitma.

Nilidhani ataniambia nifunge mdomo tusije tukafukuzwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza moja tu:

"Huyo wa nne, mamake yuhai?"

Niliona aibu, nikatazama mkeka.

Barua zinatiwa mfuko wa posta kesho saa tatu asubuhi. Saa moja ntakuwa mlangoni kwa Bwana, kiatu kimoja au viwili. Mama keshatia makaa kwenye pasi, ananipigia shati.