Neno la Mkwe kwa Dereva wa Lori

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Hali yako vipi, na Mama je? Goti lako bado linakusumbua wakati wa baridi? Mahindi mmekwisha kupalilia? Huku sote tu wazima wa mwili. Dada Restituta hajambo, wanawe hawajambo, na tumbo lake limekuwa kubwa. Kina mama wa hapa nyumbani wanasema atajifungua kabla ya vuli. Nasema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu mimi si mzima. Nimeingiwa na hofu, Baba, na barua hii nataka uisome peke yako kwanza kabla hujamsomea Mama. Ukiimaliza utajua mwenyewe kipi cha kumsomea na kipi cha kuruka.

Hofu yenyewe ni juu ya shemeji Ladislaus, mume wa Dada.

Wajua kwamba yeye ndiye dereva wa lori la tajiri wetu, na mimi ndiye fundi wa lori hilo hilo hapa gereji ya Nguvumali. Linapandisha unga na saruji Amani, juu mlimani, na kushuka na mbao. Barabara ya Amani sijapata kukueleza vizuri. Kwetu nako kuna milima, lakini hii ni shari tupu. Inapinda, na kabla hujakaa sawa imepinda tena. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ukichungulia unaona vilele vya miti viko chini ya magurudumu yako. Ukungu ukishuka taa huwashwa mchana.

Lori lilikuwa limechoka. Likipanda na mzigo lilichemsha maji njiani, likasimama, likaanza upya. Sasa tajiri ana mpwa wake Nairobi, kijana wa kushindana kwa magari, na injini ya motokaa yake ni ndugu wa injini ya lori letu. Mpwa akamletea kemshafti ya mashindano. Hicho ni chuma kirefu kilicho tumboni mwa injini, kina nundu nundu, na kikizunguka ndicho kinachofungua na kufunga valvu, yaani milango ya injini ya kuvutia hewa na kutolea moshi. Hii ya mashindano nundu zake ni kubwa. Milango hufunguka sana na kukaa wazi muda mrefu, kwa hiyo injini inapata nguvu nyingi ikikimbia.

Mimi ndiye niliyeifunga. Kuifunga hakukunisumbua, kazi ilikuwa kuizoesha injini. Nilipima nafasi za valvu moja moja, nikapima tena injini ikiwa ya moto. Taimingi, yaani saa ya injini ya kuwasha moto, niliisogeza mbele, nikairudisha, nikaisogeza. Kabureta niliifungua hata mikono ikanuka petroli wakati wa kula. Nilikuwa naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini nautia sikioni, nasikiliza. Mwisho ikatulia, lakini kwa namna yake. Ukikanyaga mafuta inaimba vizuri kabisa. Ukiachia, gari likiwa limesimama, inatetemeka na kukohoa hata milango ya lori inagongagonga, kama mtu mwenye homa. Tajiri alifurahi, akaita majirani waje wasikie. Mtaa mzima sasa wanalijua lori letu kwa mlio wake kabla halijatokeza.

Safari ya kwanza nilikwenda na shemeji ili niisikilize injini mlimani. Kupanda, Baba, ilikuwa raha. Shemeji aliimba njia nzima, nyimbo zake za jeshini Burma, na mahali tulipozoea kusimama kutia maji tulipita tu tukawapungia mkono watu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Tukapakia mbao, tukaanza kushuka. Shemeji akafanya kama afanyavyo siku zote, kama wafanyavyo madereva wote wa hapa: akatoa gia, akaliacha lori lijiendee lenyewe, fri, mguu wake uko kwenye breki tu. Hivyo petroli hailiwi, na inayobaki kwenye tangi tajiri amemwachia yeye. Amefanya hivyo tangu atoke vitani.

Kona ya kwanza alikanyaga breki, lori likasikia. Ya pili alikanyaga, nikamwona anainuka kidogo kwenye kiti. Ya tatu alisimama juu ya pedali kwa miguu miwili na lori haliko naye. Nilisikia mbao zinasukuma nyuma yetu. Alivuta breki ya mkono, akalazimisha gia ikaingia kwa kelele ya kutisha, injini ikapiga ukelele, tukapita pale na gurudumu likimwaga kokoto chini kwenye miti. Tulipofika mahali pa tambarare aliniangalia suruali yangu, akasema, "Shemeji, hapo palipolowa ni maji ya radieta au?" Akacheka hata akafuta machozi.

Nisikilize sasa, maana hapa ndipo penye roho ya mtu. Breki za lori hili haziendi kwa nguvu za mguu peke yake. Kuna bomba la mpira linalotoka kwenye injini, na injini inapovuta hewa ndiyo inamsaidia dereva kukanyaga. Kemshafti ya zamani ilivuta vizuri hata injini ikiwa imetulia. Hii mpya, kwa kuwa milango yake hukaa wazi mno, ikikimbia huvuta sana, lakini ikiachwa ingurume tu bila gia haivuti cha maana. Kwa hiyo dereva akishuka na gia, injini inazunguka kwa kasi, breki anazo. Akitoa gia, anakanyaga mara moja, mara ya pili, kisha anakanyaga jiwe.

Nilijaribu kurekebisha. Niliongeza mzunguko wa injini inapotulia, nikaipa taimingi zaidi, ikavuta afadhali kidogo. Asubuhi shemeji akachukua bisibisi yake akaupunguza, akisema nina mpango wa kumlia petroli. Nilimwomba tajiri turudishe kemshafti ya zamani. Tajiri akasema amekwisha kuwapa watu wa Korogwe, na isitoshe lori linapanda, sasa nataka nini tena? Na shemeji alikuwa amesimama pale pale akamwambia tajiri, "Usimsikilize, bwana mkubwa. Huyu shemeji yangu, ananitania."

Hapo ndipo lilipo tatizo, Baba. Wewe wajua mimi na yeye tulivyo. Tangu amwoe Dada tumekuwa watu wa kutaniana, kama desturi inavyotaka, na sisi tumezidisha. Amewahi kunifichia viatu siku ya Pasaka nikaenda kanisani na ndala. Mimi nimewahi kuwaambia wageni wake kwamba huko Burma alikuwa akimenya viazi. Sina hata neno moja nililowahi kumwambia yule mtu akalichukua kwa uzito. Nikimwambia, "Shemeji, utakufa na lori hili," ananijibu, "Basi anza kuchonga jeneza, maana wewe fundi mvivu, halitakuwa tayari." Nikimshika mkono nimweleze habari ya bomba la hewa, anawaita wapangaji wenzetu waje waone fundi anavyolia. Dada naye anacheka. Amekaa na tumbo lake kwenye mkeka, anachambua mchele, anacheka.

Kila siku ya safari ilikuwa adhabu. Lori likitoka asubuhi nilikuwa nafanya kazi za watu vibaya; niliharibu klachi ya teksi nikatukanwa. Jioni natega sikio kwenye barabara ya Muheza. Mlio ukikawia naacha spana natoka kuchungulia. Ukija, namshukuru Mungu, halafu naenda kushika ngoma za breki kwenye magurudumu. Zinaunguza na kunuka. Nikajua ameshuka fri tena, na amepona tena.

Mwenye nyumba wetu ni mama mmoja Mdigo, Bi Mwanakombo, ambaye amemfanya Dada kama mwanawe. Yeye alinikuta nimekaa nyuma ya jiko, akaniuliza kilichonipata. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, wewe u shemejiye. Akusikize kwa lipi? Lako lote kwake ni mzaha. Wataka asikie, mtafute wa kumwogopa."

Nikakufikiria wewe. Yule bwana asiyeogopa Wajapani, asiyeogopa mlima, hapo uani kwako sijapata kumwona amekaa kwenye kiti ukiwapo. Hukaa chini, kofia mkononi, na ukimwuliza jambo hujibu akiangalia mchanga. Neno la mkwe wake hawezi kuligeuza mzaha. Nilianza kukuandikia uniletee neno hilo. Kisha nikahesabu mwendo wa barua kwenda huko na kurudi, na safari za lori zilizo katikati, kalamu ikanishinda.

Baba, nimesema uongo. Nilimwambia ukweli padri kabla ya misa leo, na sasa nakwambia wewe.

Juzi tulipokuwa tunakula nilimwambia shemeji kwamba kuna mtu wa kwetu amefika na kundi jipya la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, na amekuja na maneno yako. Nilimwambia nilikuandikia habari za lori, nawe umemjibu yeye, si mimi. Nikasema kwamba umesema hivi: "Mwambie Ladislaus, sikumpa binti yangu aje kunirudishia mjane. Ateremke na gia."

Aliweka tonge chini. Akafunga kifungo cha shati. Akaniuliza, "Mzee kasema?"

Nikasema, "Kasema."

"Kasema hivyo hivyo, mjane?"

"Hivyo hivyo."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Dada aliacha kupakua, akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza ameelewa nilichokuwa nasema siku zote. Alijishika tumbo. Shemeji aliuliza huyo mtu yuko shamba gani akamsalimie, nikasema wamempeleka mbali, sijui wapi. Uongo wa pili huo. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Jana lori lilikwenda Amani. Nilingoja pale gereji. Lilichelewa kuliko siku zote. Watu karibu wote walifunga kazi wakaondoka, mimi nimekaa juu ya gurudumu bovu nasali, na kila gari lililosikika halikuwa letu. Nikawaza jinsi nitakavyomwambia Dada. Kisha nikasikia ule mlio, kikohozi chake kile, ukaja polepole ukaingia. Shemeji alizima injini akashuka bila kunisalimia. Nikaenda nikaweka kiganja kwenye ngoma ya breki. Ilikuwa vuguvugu tu. Niliacha mkono pale muda mrefu, Baba, nikalia kabisa, na wenzangu wawili waliobaki waliniona.

Lakini hofu haijaniacha. Ameshuka na gia mara moja. Tangu siku ile hajanitania hata kidogo, ananiita Fidelis kwa jina, na nyumba imekuwa kimya. Na jana wakati wa kunawa aliniambia kwamba Dada akishajifungua salama ataomba ruhusa kwa tajiri, aje huko na mkewe na watoto, akae mbele yako akuombe radhi kwa kukutia wasiwasi. Akija, atakaa chini kama kawaida yake, na atayataja yale maneno. Ukishangaa, ukiuliza maneno gani, basi atajua yalikuwa yangu. Na yakiwa yangu yatakuwa utani tena, na mlima uko pale pale, na kemshafti iko tumboni mwa injini kwa kazi ya mikono yangu.

Kwa hiyo nakuomba kwa magoti, ingawa hunioni. Yachukue maneno hayo yawe yako. Mwandikie yeye mwenyewe mapema uwezavyo, barua yake peke yake, umwambie kwamba ulisema na bado unasema. Mimi unipe adhabu utakayo nikija. Hata ukinichapa na ukubwa huu sitasogea.

Nisalimie Mama sana, mwambie shuka aliyonifumia bado naitumia. Nisalimie Shangazi mfinyanzi, na mdogo wangu Klemensi anayesoma misheni, na Babu wa mizinga ya nyuki, kama bado anasikia mwambie kwa sauti kubwa. Dada anakusalimu, hajui nimeandika nini. Mungu awalinde nyote kwenye nyumba ile, nasi huku atushike mkono.

Nayaandika tena hapa chini ili usiyakosee, maana ataangalia mchanga lakini atakuwa anasikiliza: "Sikumpa binti yangu aje kunirudishia mjane. Ateremke na gia."

Akikuuliza, Baba, ulisema.

Mimi mwanao,
Fidelis