Kupingana na Kipimo

Jumatatu, 4 Machi

Transmita ya tangi namba tatu imeganda! Ni kile kidude kinachopima sabuni ya maji tangini na kupeleka namba kwenye skrini ya meneja. Tangu asubuhi: asilimia arobaini na moja. Pampu ikijaza, arobaini na moja. Ikizimwa, arobaini na moja. Nimemweleza meneja. Kasema vizuri sana, anapenda kitu chenye msimamo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanda ngazi, nimefunua kifuniko, nimechungulia. Sabuni imebakiza shubiri mbili tu kufika mdomoni! Nimeshuka roho mkononi. Meneja akatazama skrini, akanitazama mimi. Eti kati ya macho yangu na mashine, kipi kina cheti? Nikamwambia fundi wa vipimo hapa ni mimi, cheti ninacho. Kumbe cha mashine kina muhuri wa rangi.

Kesho pampu iwashwe mpaka skrini isome themanini. Ndiyo amri.

Na chini ya tangi wanakaa kinamama tisa wanaofunga chupa. Mmoja mjamzito.

Jumatano, 6 Machi

Nimewahamishia kinamama uani, na meza zao. Meneja kanipa barua ya onyo. Kosa: "kupingana na kipimo."

Umeme ulikatika kutwa, pampu haikuwashwa — afadhali! Nyumbani dada kauliza mbona nacheka peke yangu. Sikuwa nacheka.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika uani, nimekalia kreti, kalamu inateleza.

Umeme umerudi, tangi limefurika! Mume wa dada ndiye mwendesha pampu. Kaona sabuni inateremka ukutani, kapiga simu ofisini. Kajibiwa aendelee, bado sana. Nikamwambia, shemeji, zima hiyo kitu. Akasema, shem, mimi nina watoto. Basi nikazima mwenyewe. Kwaheri kazi.

Kinamama wote wazima. Wamesimama foleni, kama wanaangalia harusi.

Maana povu limeingia ofisi ya meneja hadi usawa wa dirisha. Yeye yuko juu ya meza, kaikumbatia skrini kama kichanga. Sakafu haikanyagiki. Anapiga kelele niingie haraka, nitoe skrini kwanza, yeye baadaye.

Shemeji keshavua viatu, kakunja suruali, kashika kamba. Lakini haendi. Ananiuliza mimi aanze na nani.