Chibwantu cha Vifuniko Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Sista wa kliniki ya mtaa wa Shampande amenisimamisha getini leo. Anataka kujua watoto wamekwenda wapi. Msimu kama huu, anasema, benchi la watoto wa kuhara huwa halitoshi. Mwaka huu akina mama wanakuja kupima uzito tu na kupiga soga. Nikajifanya sina habari. Nilipofika maabara nikafunga mlango, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ni yeye. Najua ni yeye. Bakteria wangu, niliyemtoa kwenye chungu cha bibi mmoja kule kijijini Mbabala, chungu cha chibwantu, togwa yetu ya mahindi, nikamlea kwenye friji kama mtoto wa kufikia. Akiingia tumboni anashika ukuta wa utumbo kama mpangaji aliyelipa kodi mapema. Vijidudu vya kuhara vikibisha hodi, hakuna chumba.

Lakini bado siruhusiwi kushangilia. Nusu ya akina mama wanapewa chibwantu chenye kifuniko cha buluu, nusu cheupe. Kimoja kina bakteria wangu hai. Kingine kimechemshwa, wamekufa wote. Kipi ni kipi, hata mimi sijui – siri iko Lusaka. Ndivyo jaribio linavyotaka. Basi nangoja.

Jumatano, 19 Machi

Simu kutoka Lusaka, yule bwana wa takwimu. Siri imefunguliwa: walio hai wako kwenye buluu. Lakini buluu na nyeupe ni sawasawa. Watoto wanaumwa kidogo tu, lakini wanaumwa kidogo pande zote mbili. Nikamuuliza kama hajachanganya majina. Hajachanganya.

Dk. Hambote, mkuu wangu, amejaribu kunipoza. Eti mvua zimekuwa haba, nzi hawakuwa wengi, pengine ndiyo maana watoto wamepona wenyewe. Alisema kwa upole sana. Upole huo umeniudhi kuliko matusi.

Sikubali. Kuna kitu sijakiona.

Ijumaa, 4 Aprili

Twaambo amelazwa. Ni mtoto wa miaka miwili, wa kifuniko cheupe, na katika jaribio zima hakuna aliyeumwa hivi. Macho yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mama yake ni mtani wangu – koo zetu zinataniana tangu enzi za mababu – lakini leo hakunitania. Alinitazama tu.

Bombani nimesikia wananisema mimi, eti dawa ya Lweendo imemharibu mtoto tumbo. Nikarudi wodini. Nimekaa kando ya kitanda nikiangalia dripu mpaka mtoto akakojoa. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna hii.

Jumamosi, 5 Aprili

Amepata nafuu! Ameomba nshima, ugali wake, akaifinyanga mwenyewe kwa vidole vyake vyembamba, akala na mchuzi wa dagaa wa kapenta. Wamemruhusu kabla ya saa sita.

Nimewasindikiza nyumbani. Njiani nikauliza mtoto alikula nini, alikunywa nini. Kumbe hakuwa Shampande. Wiki nzima alikuwa kwa bibi yake, kijijini Macha, wanachota maji mtoni. Amerudi juzi akiwa tayari anahara.

Tulipofika nikaomba kuona chupa zake za chibwantu. Mama Twaambo akanielekeza pembeni kwa kidevu. Hakuna chupa. Kuna ndoo, imefunikwa sinia, juu yake kata. Nikafunua. Harufu nzuri, chachu safi, povu kidogo. Nikauliza hiki ni cha nani.

Cha wote. Anamimina chupa zake, jirani wa kulia anamimina zake, na yule wa nyuma ya choo zake. Buluu, nyeupe, zote humo. Ikikaribia kwisha wanapika uji mpya na mizizi ya munkoyo, wanaongezea juu ya mabaki, kesho yake kimechacha tena. Tangu Krismasi! Na si nyumba hizi tatu tu. Kila ua una ndoo yake.

Nikamkumbusha tulivyokubaliana: kila nyumba inywe chake. Nadhani sauti yangu ilipanda. Akaketi chini, akampakata Twaambo, ndipo akanijibu.

"Nilikusikia, mtani. Sasa mtoto wa jirani amekaa mlangoni kwangu, wangu nimpe, wake nimtolee macho? Chibwantu cha kunywa peke yako ni cha mchawi. Labda kwenu. Ukoo wenu hata kuku mkichinja mnafunga mlango."

Nikakaa kwenye kigoda. Jaribio limekufa, nikajiambia. Kazi yote hii, limekufia kwenye ndoo ya plastiki.

Halafu nikaitazama ile ndoo tena. Kama aliye hai amemiminwa humo pamoja na wafu, na kila mara anaongezewa uji... huyo si amekaribishwa karamuni?

Nimechota kidogo. Nimepita ua kwa ua nikichota. Mama mmoja ameuliza kama wanashtakiwa.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani sikusikia neno. Kichwa changu kiko maabara, kwenye visahani ambamo bakteria wa zile ndoo wanaota.

Alhamisi, 10 Aprili

Yumo! Kila ndoo yumo. Hata nyua ambazo zilipata vifuniko vyeupe zaidi kuliko buluu, yumo, mnene, ameshiba. Nimerudia mara mbili. Ni yeye yule wa Mbabala.

Na mtoto aliyelazwa ndiye aliyekuwa mbali na ndoo. Mtoto mmoja si ushahidi, najua. Lakini siwezi kujifanya sijaona.

Nimempelekea Dk. Hambote. Wafadhili wanakuja Jumatatu. Amesema tuseme tu hakuna tofauti kati ya buluu na nyeupe. Ni kweli, au si kweli? Nikasema ni kweli inayomzika mtu hai. Akasema, bila hasira, "Lweendo, mtafiti anayekiri jaribio lake limevurugika hapewi jingine." Si mtu mbaya. Anastaafu mwakani, anataka kuondoka kimya kimya.

Nimemwambia nitasema yote. Na nina mpango. Tusigawe nyumba, tugawe mitaa. Shampande wanywe kama wanavyokunywa. Tuwalinganishe na mtaa wa ng'ambo ya reli, ambako hatujapeleka hata chupa moja. Mwaka ukiisha nao wapewe. Akauliza wakikataa je. Nikasema nitauza chibwantu sokoni. Akacheka, ingawa hakutaka.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha mkutano. Nimesema yote. Ndoo, kata, kila kitu. Bi. Namukolo, mkubwa wa wafadhili, alivua miwani, akauliza kama miezi yote hii tulikuwa tunapima hewa. Nikajibu tulikuwa tunapima mtaa unaokunywa ndoo moja, ila hatukujua. Hapo akaanza kunisikiliza.

Mpango wa mitaa miwili ameupenda. Lakini ameuliza na kuuliza tena: una hakika na ng'ambo ya reli? Nikasema hakuna chupa yetu iliyovuka. Nilisema kwa sauti kubwa. Dk. Hambote akaniunga mkono – yeye mwenyewe! Kisha wakaniomba nitoke wajadiliane. Nawasikia. Vikombe vya chai, mtu anacheka. Dalili nzuri.

Mama Twaambo yuko hapa kando yangu, mtoto mgongoni. Nilimwita ili wakitaka kumsikia mama mmoja, yupo. Ameuliza nimewaambia nini. Nimemweleza kwa kifupi. Amesikiliza huku akikaza kitenge. Kisha akauliza ng'ambo ya reli wapi, kule kwa dada yake?

Nikamgeukia.

"Dada yangu ana mapacha, mtani. Ulitaka nimnyime chibwantu?"

Na dada yake ana majirani.

Nacheka. Nimeziba mdomo kwa mkono na bado nacheka – bakteria wangu amevuka reli mwenyewe, bila gari la mradi!

Mlango unafunguliwa. Bi. Namukolo anatabasamu, amenyoosha mkono. Anasema habari ni njema, niingie. Mama Twaambo ananiuliza kama na yeye aje.

Nimemwambia aje, awaeleze na ya dada yake.