Bukuru Hajambo?

Kasulu, Jumatano, Septemba 2015. Asubuhi ya baridi. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri na vumbi jekundu la uwanjani limetulia.

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya mwanachuo mpya anapofika ni kumuuliza, kabla ya lolote, anatoka wapi. Tunadhani ni ukarimu. Mimi nikiulizwa hivyo nasema Tanga, watu wanatabasamu, tunaongea habari za machungwa. Mtu aliyezaliwa karibu na mpaka akiulizwa, mwaka huu ambao wakimbizi wanaingia kila wiki kutoka Burundi, anasikia kitu kingine. Anasikia: thibitisha uraia.

Nieleze kwanza habari ya jina. Kwa Waha, wenyeji wa huku, mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, awe wa kike au wa kiume. Ng'ambo ya mpaka, Warundi nao huita hivyo hivyo. Mpaka ulichorwa, majina yakabaki pande zote mbili.

Jana mchana alikuja ofisini kwangu Butoyi, binti wa mwaka wa kwanza kutoka Busunzu, kule Kibondo. Alitaka ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikamuuliza atarudi lini. Akatazama sakafu.

Nilielewa. Hakuwa na nia ya kurudi. Tranka lake lilikwisha fungwa.

Mimi ndiye mlezi wa wasichana hapa chuoni, na nimeona wengi wakiondoka wiki ya kwanza. Kwa huyu haikuwa masomo. Tangu siku ya kujiandikisha wenzake walikuwa wakimwita mkimbizi. Basi la Kibondo lilikuwa limekwisha ondoka, nikamwomba alale, tuzungumze asubuhi. Ukweli ni kwamba sikujua asubuhi nitamwambia nini.

Jioni nilisimama bwaloni, kama kawaida yangu. Butoyi alikuwa kwenye foleni na sahani yake. Nyuma yake, Deo wa mwaka wa pili, kijana mcheshi anayependa kusikika, akapaza sauti:

"We Butoyi, kadi ya mgawo umeiacha Nyarugusu?"

Nyarugusu ndiyo kambi ya wakimbizi iliyo jirani nasi. Bwalo likacheka. Nilikuwa nimeshaanza kumwendea Deo, lakini Mwanaidi alinitangulia.

Mwanaidi ni binti wa mfanyabiashara wa vitenge hapa mjini. Ana sauti, ana marafiki, ana viatu vizuri. Hakukasirika hata kidogo.

"Deo, bibi yangu mzaa baba alizaliwa Komoro. Mimi mbona hujaniuliza kadi?"

"Aa, wewe mtoto wa duka, bwana!"

"Kumbe uraia unauzwa dukani kwetu! Ngoja nimwambie baba apandishe bei."

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikatika njiani. Niliona nyuso zikifikiri. Nimefundisha somo la malezi miaka mingi, na sijawahi kueleza nafasi ya upendeleo kwa uwazi ule. Mwenye nafasi haioni, kwa sababu hakuna anayemsimamisha mlangoni. Binti huyu aliiona ya kwake, akaionyesha watu, huku ameshika sahani ya ugali na maharage.

Kilichonishangaza zaidi kilifuata.

Alikwenda kukaa na Butoyi. Hakumpa pole. Hakumuuliza anatoka wapi. Alimuuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu na jirani yake:

"Bukuru hajambo?"

Butoyi akainua uso. Tangu afike chuoni sikuwa nimemwona akiinua uso hivyo.

"Hajambo. Ye ndo kanibebea tranka mpaka stendi. Alikuwa analia, anasema ni vumbi."

Basi akaanza. Bukuru hivi, Bukuru vile, jinsi anavyochunga mbuzi huku akiimba vibaya, jinsi mama yao anavyowachanganya sauti gizani. Mwanaidi akicheka, akiuliza. Wasichana wawili wa meza ya jirani wakasogeza sahani zao. Maana ya jina lile tunaijua wengi hapa, mimi nikiwa mmojawao. Yeye aliigeuza kuwa salamu. Niliondoka bwaloni taratibu, kama mtu anayetoka mahali pa ibada.

Deo aliomba radhi baadaye, kwa kunong'ona. Butoyi hakumjibu, na sikumlazimisha. Ana haki ya kuchukua muda wake.

Leo asubuhi nilimngoja ofisini mpaka kengele ya kipindi cha kwanza. Hakuja kuchukua ruhusa. Nilipopita bwenini, tranka lilikuwa wazi, tupu, na nguo zake zimekunjwa kwenye rafu.

Wewe unayesoma hapa, kama uko chuoni au shuleni: leo, wakati wa chakula, kaa na mgeni mmoja, umuulize nyumbani amemwacha nani, kisha unyamaze umsikilize.