Kahawa ya Kutafuna Haisafishi Picha

Jumatano, 12 Juni

Nimekaanga magadi tena. Jiko zima limejaa vumbi jeupe. Anayepita barabarani anadhani mzee anaandaa makande.

Magadi ya sokoni, haya ya kulainishia maharage, yana hewa ndani yake. Ukiyakaanga makavu kwenye sufuria, hewa hutoka na nguvu yake huongezeka. Nguvu hiyo ndiyo inayoiamsha kahawa, na kahawa ndiyo inayousafisha mkanda wa picha. Nimewaeleza watu wengi jambo hili. Wanasikiliza kwa heshima, halafu wanauliza kama simu yangu imeharibika.

Naliandika hapa, ambapo hakuna wa kuniuliza. Magadi yaliyokaangwa. Vidonge vya vitamini C vilivyosagwa. Kahawa ya unga, ile ya kopo. Maji ya mtungi, kwa sababu hapa Kiruruma asubuhi maji ya mtungi yana ubaridi uleule unaotakiwa na vitabu. Baada ya hapo, dawa ya kukazia, ili picha isiwe nyeusi ikikutana na mwanga. Hiyo haina mbadala wa maana. Ninayo chupa moja, nimeitumia na kuirudisha chupani mara nyingi, imechoka kama mimi. Chumvi inaweza kazi hiyo, ila kwa siku kadhaa.

Kahawa ya kopo imebaki kidogo. Inatosha mara moja. Nimelifunga kopo kwa nailoni. Ni ya mkanda ulio ndani ya kamera.

Huo ni wa mwisho. Nimeupiga taratibu tangu mwaka jana: ukungu wa bondeni, kaburi la mke wangu baada ya kupaliliwa, wanawake wa Bugomora siku ya soko. Zimebaki nafasi mbili.

Ijumaa, 14 Juni

Gervas amekuja kunisaidia kugeuza kahawa uani. Tumegeuza bila kusema mengi. Ndivyo tulivyo.

Alikuja huku kutoka Burundi akiwa kijana, kuchuma kahawa ya watu. Akachuma ya baba yangu. Akaoa hapa, akapata kibanja chake, nyumba na shamba la migomba, jirani na changu, akazika mke hapa. Mimi nilikuwa nafundisha kemia shule za mbali, nikirudi likizo namkuta. Nilipostaafu nilimkuta. Mke wangu alipofariki, watu walikaa matanga wakaondoka. Gervas aliendelea kuja kila asubuhi, kana kwamba matanga hayajaisha.

Leo, wakati wa kukusanya, kasema Perpetua anakuja kumchukua. Huyu ni binti yake, ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbarara. Anasema baba hawezi kuendelea kupika mwenyewe kwa macho yale. Watakuja wiki ijayo, watavuka mpaka pale Murongo Jumamosi.

Nikasema ni vizuri. Nikaendelea kukusanya kahawa.

Si vizuri.

Jumapili, 16 Juni

Ibada. Mahubiri marefu. Nilivaa koti jeusi, linanibana mabegani.

Baada ya ibada nilimkuta kijana wa bodaboda wa Murongo, yule aliyekuwa akiniletea mikanda kutoka kwa mfanyabiashara wa Kampala. Kasema mzee wa Kampala amefunga duka. Wanawe wanauza vioo vya simu hapo sasa. Nikauliza kama kuna mwingine. Kijana kacheka kwa upole, kasema, “Mwalimu, hata huyo mmoja alikuwa anakuuzia wewe tu.”

Kwa hiyo nafasi mbili zile ni mbili kweli. Dar es Salaam ipo, mikanda ipo, lakini pensheni yangu haifiki huko.

Njiani nimeamua. Moja ni ya Gervas. Sina picha yake hata moja. Miaka yote hii na kamera shingoni nimepiga ukungu.

Jumatatu, 17 Juni

Gervas kakataa.

“Picha ya kitambulisho haihesabiki,” kasema, “pale nilikuwa nimeogopa. Ya ndoa ililiwa na mchwa. Ya tatu naijua. Najua inabebwa na nani, na nyuma yake kunabebwa nini.”

Anamaanisha mazishi. Huku kwetu picha ya marehemu hutiwa kwenye fremu, na mtoto au mjukuu huitanguliza mbele ya jeneza. Mtu mzima akiombwa kukaa apigwe picha nzuri bila sababu, akili inakwenda huko moja kwa moja. Nilimweleza kwamba picha haiiti kifo. Nilimweleza kuhusu mwanga na chumvi za fedha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Umemaliza, Mwalimu? Sasa nipe panga nikakate mkungu ule, unaelekea kuangukia kuku wako.”

Nimekasirika. Si kwa picha. Nimekasirika kwa sababu anaondoka na anafanya mzaha.

Alhamisi, 20 Juni

Wageni. Perpetua na mumewe wamefika kwa gari la kukodi, na Gervas akawaleta kwangu kabla hata hawajafungua mizigo. Perpetua alipiga magoti akaniamkia shikamoo, akanishika mikono yote miwili. Ana paji la uso la mama yake.

Mgeni hapewi maneno matupu. Nilitoa kahawa ya kutafuna, lakini mume wa Perpetua ana meno mabovu. Nikachemsha maji. Nikafungua kopo.

Nimekunywa nao. Nimewaongezea. Walikaa hadi jua likawa chini. Mkwe anauliza maswali mazuri, alitaka kujua kamera inavyofanya kazi, nami nikamweleza yote, tangu lenzi hadi mkanda. Ni lini mara ya mwisho nyumba hii ilikuwa na vikombe vinne mezani? Sikumbuki.

Sikufikiria kopo hata kidogo. Gervas alishakataa picha, mkanda ungesubiri. Ndivyo ningejibu kama ningeulizwa. Ukweli ni kwamba nilitaka wasiondoke.

Ijumaa, 21 Juni

Asubuhi. Gervas kaja peke yake na kifurushi. Kahawa ya kutafuna, ameichemsha mwenyewe na majani yake ya siri, ameianika, ameifunga kwenye majani makavu ya mgomba kwa mkono uleule anaofungia tangu zamani. Zawadi ya kuaga. Tukatafuna mbili mbili.

Kisha kasema, bila kuniangalia, “Haya. Nipige. Lakini na wewe ukae. Siingii peke yangu ndani ya hilo dude.”

Nilimkalisha kwenye kiti mbele ya kahawa iliyoanikwa. Jua kali, anga nyeupe. Nikapima umbali kwa hatua. Nikangoja aache kujikaza. Hajui kutoa uso wake. Anautoa akifikiria kitu kingine. Nikamuuliza ng'ombe wake aliyemuuza alikuwa na rangi gani. Akaanza kufikiri. Nikabonyeza.

Halafu nikakaa mimi. Nilimwandalia kila kitu, nikamwonyesha kidude cha kubonyeza. Aliishika kamera kama kifaranga.

“Usicheke, Mwalimu, unaharibu.”

“Sicheki.”

“Tumbo linacheka. Naliona humu.”

Ikalia. Mkanda umekwisha.

Wanaondoka kesho. Nikasema nitausafisha leo, ili aondoke ameona. Karatasi za kuchapia sina za kutosha na zimezeeka, lakini angalau aone uso wake kwenye mkanda.

Jioni. Naandika mikono ikiwa na harufu.

Nilifungua kopo, nikidhani wageni wamebakiza. Halina kitu. Nikaligonga, nikatia kidole. Hakuna. Vikombe vinne, na nyongeza zake, vimelimaliza.

Kayanga mjini ni mbali kwa saa ile, na duka la hapa halina. Nyumba ya mkulima wa kahawa, kahawa ipo uani magunia kwa magunia, bado imo kwenye maganda yake, mbichi, haijakaangwa. Kukoboa, kukaanga, kutwanga: usiku ungenikuta. Macho yakaenda kwenye kifurushi cha Gervas. Kahawa kavu tayari. Nikaitwanga yote. Nikaichemsha, nikaichuja, ikapoa. Nikatia magadi na vitamini. Nikaingia stoo, nikaziba mlango kwa blanketi, nikauviringisha mkanda gizani kwa vidole ndani ya kopo lake lisilopitisha mwanga, kazi ambayo vidole vyangu bado vinaiweza. Nikatoka, nikamimina ile kahawa, nikawa napindua kopo taratibu, uani, kunguru wakinitazama.

Nilikuwa nimeshamwaga nilipoelewa. Kahawa ya kutafuna imeshachemshwa. Gervas aliichemsha na maji akayamwaga kwenye mgomba, kama wanavyofanya wote tangu enzi za babu zetu. Nguvu niliyoihitaji imeshanywewa na mgomba. Mimi nimesafisha mkanda kwa makapi.

Kama mwanafunzi angeniletea jibu hilo ningemwambia arudi akakae afikiri.

Nikakazia hivyohivyo, kwa dawa iliyochoka. Nikaosha. Nikautundika kwenye kamba ya nguo ndani ya stoo. Nilipouinua kwenye mwanga wa mlango: kama kioo kitupu. Kuna vivuli tu, mwishoni, ambapo jua lilikuwa kali. Ukungu wa bondeni hakuna. Soko la Bugomora hakuna. Kaburi hakuna.

Sijala. Sina hamu.

Jumamosi, 22 Juni

Nimevaa koti jeusi kumsindikiza. Mtu anayeondoka moja kwa moja anastahili koti.

Nikaingia stoo kuushusha mkanda niutupe. Umekauka. Ukateleza, ncha yake ikalala juu ya mkono wa koti. Na pale, juu ya kitambaa cheusi, Gervas akanitazama.

Nilisimama nikaugeuza huku na huku. Naeleza, kwa sababu nilikuwa nalijua jambo hili na sikuwa nimewahi kulihitaji. Kwenye mkanda, penye mwanga huwa peusi na penye kivuli huwa peupe. Kila kitu kinyume. Mkanda uliosafishwa vizuri ni mzito, huwezi kuona sura bila kuuchapa. Lakini mkanda dhaifu, ukiuweka juu ya kitu cheusi na kuuinamisha kidogo pembeni ya mwanga, fedha yake kidogo hurudisha mwanga, na patupu huonyesha weusi ulio chini. Kinyume kinageuka. Sura inakaa sawa. Ungekuwa umesafishwa kwa kahawa ya kopo, usingefanya hivi.

Zilikuwa mbili. Yeye, macho yakiwa kwa ng'ombe. Na mimi, nimekaa upande, kichwa kimekatwa kidogo juu, tumbo linacheka.

Nikakata kila moja. Nikatafuta ile karatasi nyeusi wanayofungia karatasi za picha kiwandani, nikaweka kipande nyuma ya kila sura, na kioo kidogo mbele, nikafunga kingo kwa gundi ya karatasi. Zikawa ndogo kama kisanduku cha kiberiti.

Nilipofika kwa Gervas, gari lilikuwa limeshawashwa. Perpetua akasema, “Baba, jua linapanda, na pale mpakani kuna foleni.” Gervas akamwambia jua halijawahi kumsubiri na hajawahi kulalamika.

Nikampa zote mbili achague. Akaziinamisha kama nilivyomwonyesha. Alikaa na ile yake muda mrefu. Sikujua kwamba ni uso wake ndio aliokuwa anauogopa. Kisha akanirudishia, akatia ile yangu kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

“Nachukua wewe,” kasema. “Mimi nikijitaka nitajitazama kwenye beseni.”

Nikamwambia hakuna nyingine. Haziwezi kuchapwa, ni dhaifu mno. Ni hizo.

Akafikiri. Nikaona anaanza kutabasamu, upande mmoja, ambako kuna meno.

“Umeona ulichokifanya, Mwalimu? Wa kutangulia picha yake iko kwa mwenzake. Mwenzake itabidi ailete.”

“Nitaileta.”

“Uvuke Murongo.”

“Nitavuka.”

“Na usichelewe kwa kuwaeleza watu wa forodha inavyofanya kazi. Nitazikwa bila uso.”

Perpetua akasema hayo si maneno ya safari. Sisi tulikuwa tunacheka. Nimecheka hadi nikashika mlango wa gari. Kisha mlango ukafungwa na nikawa nimeshika hewa.

Nimerudi kwa miguu kupitia kibanja chake. Moto wake wa asubuhi ulikuwa bado una joto kwenye majivu. Nikaufunika.

Jumanne, 25 Juni

Nimegeuza kahawa peke yangu. Inachukua asubuhi nzima.

Kifurushi chake kilibaki na punje chache zilizokwepa kinu. Nimetafuna moja. Nyingine nimezirudisha kwenye majani.

Kamera nimeifungua, nikaifuta vumbi kwa brashi, nikaifunga. Nyepesi.

Koti nimelipiga pasi ya mkaa. Sikulirudisha sandukuni. Limetundikwa msumarini karibu na mlango, na picha yake imo mfukoni.

Jioni mawingu yalisimama upande wa Murongo. Nikaanua kahawa mapema. Haikunyesha.